Kistari cha Butembo-Beni na Irabu ya Kindubile

Mtu anayetafuta mahali pa kujifunza jinsi majina mawili yanavyokaa pamoja hahitaji kwenda mbali kuliko Butembo na Beni, miji miwili ya Kivu Kaskazini inayotenganishwa na kilomita 54 za barabara. Jimbo Katoliki la huko lilizaliwa mwaka 1934 kama misheni ya Beni. Likawa vikarieti ya kitume mwaka 1938 na jimbo kamili mwaka 1959, na miaka yote hiyo likiitwa Beni tu. Mwaka 1967 jina la Butembo liliongezwa, tena likatangulia: Butembo-Beni. Hakuna aliyethubutu kufuta Beni, wala hakuna aliyejaribu kuyeyusha majina hayo mawili yakawa jina moja la tatu. Ndivyo ilivyo pia kwa Beni-Lubero, jina ambalo wenyeji hulitumia wakitaja maeneo mawili ya utawala kama nchi moja. Ndivyo wanavyofanya wanaisimu waandikapo Konzo-Nande, kundi la lugha za watu ambao mto Semliki, milima ya Ruwenzori na mpaka wa wakoloni vimewagawa kati ya Kongo na Uganda, ingawa wao wenyewe wanajijua kuwa ni Bayira. Hata ADF-NALU, jina lililowaletea watu wa Beni misiba isiyosemeka, lilikuwa vikundi viwili vya waasi wa Uganda vilivyofungwa kwa kistari. Katika majina haya yote kistari hufanya kazi ya uzio wa shamba: majirani wanasalimiana, lakini kila mmoja analima upande wake.

Kuna namna nyingine ya kuunganisha, nayo haikutoka ofisini wala kanisani. Ni ile ya vijana wa mitaani walioyachukua majina mawili, wakayakata na kuyachemsha pamoja mpaka mtumiaji wa baadaye asijue tena kwamba yalikuwa mawili. Mfano mkubwa kuliko yote katika Kongo ni Indubil, jina la simo ya vijana iliyoanzia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na ambayo upande wa mashariki ilivikwa Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba jina hili, likichunguzwa herufi kwa herufi, linaonyesha njia lililopita na mikono iliyolishika. Kwa hiyo ni ushahidi wa kihistoria sawa na barua au hati ya forodha, na haifai kulitupa kwenye kapu la maneno ya wahuni.

Tuanze na yale ambayo wachunguzi wamekubaliana. Katika miaka ya 1950 vijana wa mitaa ya Waafrika ya Léopoldville walikuwa wapenzi wakubwa wa sinema, hasa filamu za kauboi. Shujaa wao alikuwa Buffalo Bill, yaani William Frederick Cody, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1846 na kufariki mwaka 1917, aliyepata jina lake la kupanga kwa kuwinda nyati wa Marekani ili kuwalisha wajenzi wa reli, na ambaye tangu mwaka 1883 aliyageuza maisha hayo kuwa tamasha la farasi na bunduki. Hollywood ilimtolea filamu mwaka 1944. Vijana wa Léopoldville walijiita Bill, wakavaa na kutembea kama kauboi, wakaibatiza mitaa yao majina ya huko, na wakajitengenezea usemi ambao wazazi, mapadre na polisi wasingeuelewa. Mwanahistoria Charles Didier Gondola ameandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka mwaka 2016. Usemi wao ndio uliopewa jina la Hindubill, au kwa tahajia nyingine Indoubil. Sehemu moja ni Bill wa kauboi, na sehemu ya pili, kwa maelezo ya kawaida, ni Hindu, kutoka filamu za Kihindi zilizoonyeshwa kwenye kumbi zilezile.

Mpangilio wa sehemu hizo mbili una jambo ambalo nadhani halijapewa uzito wake. Katika Kiswahili, Lingala au Kinande, kinachoelezwa hutangulia na kinachoeleza hufuata: mtu mwema, nyumba ya mawe. Kifaransa nacho, mara nyingi, huweka sifa nyuma ya jina. Kijana wa Léopoldville aliyetaka kusema "Bill wa Kihindi" kwa kufuata mkondo wa lugha yoyote aliyoizungumza angelianza na Bill. Hakufanya hivyo. Aliweka Hindu mbele na Bill nyuma, na mpangilio huo tunaukuta kwenye bango la sinema lililoandikwa Buffalo Bill. Kwa hiyo sioni hapa majina mawili yaliyookotwa ovyo na kugandishwa. Naona kalibu moja. Nyati ametolewa katika nafasi yake na Mhindi akaingizwa, huku Bill akibaki alipokuwa. Anayefanya hivyo amekwisha kulielewa jina la kigeni kutoka ndani, amejua ni sehemu gani inayobanduka na ni ipi iliyo mhimili. Huo ni ufundi wa lugha, na aliyeufanya hakuwa na mwalimu.

Lakini je, huyo Hindu ni nani hasa? Hapa pana pingamizi la haki. Filamu za kauboi zimejaa wenyeji asilia wa Marekani, wale ambao Kiswahili cha zamani kiliwaita Wahindi Wekundu, na Kifaransa kiliwaita kwa neno moja na watu wa India, Indiens. Mtu anaweza kudai kwamba jina ni la kauboi na adui yake, Bill na Mhindi Mwekundu, na kwamba sinema ya Bombay haina sehemu yoyote hapa. Mwingine atakumbusha kwamba bangi kwa Kifaransa ni chanvre indien, katani ya Kihindi, na kwamba vijana wale hawakuwa watawa. Pingamizi zote mbili zinaanguka kwa sababu ileile, nayo ni irabu moja. Adui wa kauboi ni Indien. Katani ni indien. Wala hakuna Mfaransa wala Mbelgiji aliyewahi kumwita Sioux au Apache Hindou. Neno Hindou, katika Kifaransa cha zama zile, lilimhusu mtu wa India, mara nyingi bila kujali dini yake. Lau jina lingetoka kwa Indien, tungebaki na sauti nyingine katikati, na irabu u isingekuwa na pa kutokea. Irabu hiyo ipo, imesimama imara katika kila tahajia ya jina hili, kutoka Kinshasa mpaka Bukavu na Lubumbashi. Inatuelekeza kwenye filamu za India, zenye nyimbo, mapenzi na miujiza, ambazo katika miaka hiyo zilikuwa zikizunguka sehemu nyingi za Afrika.

Irabu hiyohiyo inajibu swali la pili, ambalo kwa msomaji wa mashariki ni zito zaidi: jina lilizaliwa upande gani wa Kongo? Sisi wasemaji wa Kiswahili hatukumngoja Mbelgiji atujulishe kwa watu wa India. Kiswahili kimekuwa na Mhindi tangu zama za majahazi, na Kongo ya mashariki ilimpokea akiwa Muhindi, wingi Bahindi, pamoja na maduka na vitambaa vyake. Kuna Uhindu, jina la dini, lakini hilo ni neno la vitabuni. Mteja dukani hamwiti muuzaji Mhindu. Simo hii ingalibuniwa na wasemaji wa Kiswahili, ingebeba irabu i, na ile h, ambayo Kiswahili huitamka bila taabu, ingebaki. Tungekuwa na kitu kama Kihindibili. Badala yake tuna u pale tulipotarajia i, na h imekatika. Kifaransa hakiitamki h, na Lingala haina haja nayo. Hata mtu akisema kwamba masikio yalilisikia neno kwa Wabelgiji wenye asili ya Kiflemi, ambao nao wana Hindoe yao yenye u, mlango unabaki uleule. Jina liliingia kutokea Ubelgiji na mji mkuu wake wa koloni, halikutokea Pwani. Jina linasafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, kinyume kabisa cha njia ambayo Kiswahili chenyewe kilipita.

Lilipofika mashariki, halikubaki kama lilivyokuja. Lubumbashi linaitwa Kindubile. Herufi chache zilizoongezeka ni kazi kubwa ya sarufi. Mbele limewekewa ki-, kiambishi kinachozitambulisha lugha, Kiswahili, Kifaransa, Kinande. I ya mwanzo ikamezwa na i ya kiambishi. Nyuma limewekewa irabu, kwa kuwa neno linaloishia konsonanti l halina pa kupumzikia katika kinywa cha Kibantu. Bill wa Marekani, aliyekuwa ameegemea konsonanti, akapewa kiti. Tangu hapo jina lililoundwa kwa kalibu ya bango likawa jina la ngeli ya ki-vi, likitii upatanisho kama kisu na kiti. Na Bukavu, mwanaisimu Didier Goyvaerts alipoichunguza simo hiyo, katika makala iliyochapishwa mwaka 1988 kwenye jarida la Language in Society, aliikuta imesimama juu ya Kiswahili, akaiita Kiswahili chotara. Jina lilikuwa la Kinshasa, mifupa ilikuwa ya Kiswahili. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulipita haraka wanaposema kwamba Indubil "ilienea". Lugha haikuenea. Kilichoenea ni jina na ile tabia ya kujitenga kwa maneno. Kila mji ukaijaza kwa sarufi yake.

Nalazimika kusimama kidogo kwenye pingamizi ambalo sikio la mashariki litalileta lenyewe. Ukisikia Kindubile bila kujua historia, unasikia Kindu, mji wa Maniema ulio kando ya Lualaba, eneo ambalo Kiswahili kilifika kabla ya serikali ya mfalme Leopold. Na mwishoni unaweza kusikia "mbili", kana kwamba jina linatangaza lenyewe kwamba limetokana na vitu viwili. Tafsiri hii inavutia, na ingewapendeza wanaotaka kila jambo jema la Kiswahili cha Kongo litoke Maniema. Lakini haisimami. Umbo lisilo na ki- lipo, na ndilo la magharibi, mahali ambapo msemaji wa Lingala hakuwa na sababu ya kukata herufi ya kwanza ya mji wa mbali. Ki- inayoweza kuvuliwa ni kiambishi, wala si sehemu ya jina la mahali. Na bile peke yake, bila Bill, haitoi maana inayolieleza jina hili. Kufanana kwa sauti ni shahidi dhaifu anapokuwa peke yake, na hapa yuko peke yake.

Sasa turudi kwenye miji yetu miwili, kwa kuwa msomaji ana haki ya kuuliza Kinshasa, Bukavu na Lubumbashi vinahusianaje na Butembo, mji wa wafanyabiashara ambamo nyumbani huzungumzwa Kinande. Jibu la kwanza ni barabara. Beni imekaa mahali ambapo barabara ya taifa namba 2, inayopanda kutoka Bukavu na Goma kupitia Butembo, inakutana na namba 4, inayotoka Kisangani na kushuka hadi mpaka wa Kasindi. Ukisoma ramani hiyo kama ramani ya lugha, Kiswahili cha Kivu kinafika kwa njia ya kwanza, na Lingala ya mto na ya kambi za jeshi kwa njia ya pili. Jeshi la Kongo limetumia Lingala tangu zama za Force Publique, jeshi la kikoloni, na mahali penye askari wengi kama Beni, mtoto anaisikia kabla hajaelewa kwa nini. Upande wa Kasindi mfanyabiashara wa Butembo anavuka kwenda Kampala na Nairobi, na kwa ndege anakwenda Dubai na Guangzhou, na Kiswahili ndicho kinachomsindikiza sehemu kubwa ya safari ya nchi kavu. Miji michache ya Kongo ina mlango ulio wazi kwa lugha mbili kubwa za taifa kwa kiasi hicho.

Jibu la pili ni chuo, nalo naliona lina nguvu kuliko barabara. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilifunguliwa Butembo mwaka 1989, wakati wa askofu Emmanuel Kataliko. Kabla ya hapo, kijana wa Beni-Lubero aliyetaka shahada alilazimika kuondoka. Na kuanzia mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, ikavigawia matawi: fasihi na sayansi za jamii Lubumbashi, ualimu na saikolojia Kisangani, sheria, tiba na uchumi Kinshasa. Kwa miaka kumi, hadi mfumo huo ulipovunjwa mwaka 1981, mwana wa mkulima wa Lubero hakwenda chuo kilicho karibu. Alikwenda kule somo lake lilikowekwa. Aliyesoma fasihi aliishi katika mji wa Kindubile, na aliyesoma sheria aliishi katika mji wa Indubil yenyewe. Serikali iliyotaka kuwadhibiti wanafunzi ilijenga, bila kukusudia, njia ya kusafirishia simo ambayo hakuna bango la sinema lingeweza kuishinda. Na hao waliporudi likizoni na baadaye kufundisha sekondari za nyumbani, hawakurudi na vitabu tu.

Kuhusu Kinande, wapo wanaoamini kwamba lugha yenye mizizi mirefu hivyo ingeikataa simo kama mwili unavyokataa mwiba. Sarufi inasema vingine. Kinande nacho huziita lugha kwa kiambishi cha jamii hiyohiyo: ekinande, kwa ile irabu ya utangulizi iliyopotea katika Kiswahili. Nacho pia hupenda silabi zilizofunguka. Jina kama Kindubile, likiwa limekwisha kupita mikononi mwa Kiswahili, humfikia msemaji wa Kinande likiwa limevaa nguo anazozijua. Isitoshe, watu hawa wamezoea neno kuwa na sura mbili. Mji ambao maandishi ya serikali yanauita Butembo, ndimi za wenyeji huutaja Vutembo, na hakuna anayedhani kwamba ni miji miwili.

Pingamizi kubwa zaidi halihusu asili ya neno bali thamani yake. Walimu na wazazi wamesema tangu mwanzo kwamba simo hizi huharibu Kiswahili, na kwamba kuziandikia historia ni kuzipa heshima zisizostahili. Naelewa uchungu huo. Lakini ni lazima tuulize ni Kiswahili kipi kinachoharibiwa. Kiswahili hakikuota kwenye miteremko ya Mitumba. Kilifika bonde la Semliki na msitu wa Ituri katika miaka ya 1880 pamoja na misafara ya pembe na watumwa, ya watu kama Kilonga Longa, ambao msafiri Stanley aliwakuta akipita huko kati ya 1887 na 1889. Kisha kikachukuliwa na maafisa, wamishenari na makampuni ya migodi yaliyohitaji lugha ya kutolea amri. Johannes Fabian ameonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1986, jinsi utawala wa Kibelgiji ulivyokishika Kiswahili kama chombo cha kutawalia kazi na watu. Lugha iliyokuja kwa msafara na kukuzwa kwa amri ilipata kwa vijana jambo ambalo haikupewa na wenye misafara wala na watawala: watu walioichagua kwa hiari, wakaichezea kama mali yao. Hapo ndipo naona Kiswahili kinapoanza kuwa cha Kongo kwa dhati. Na kusema kwamba vijana waliiga Marekani ni kusahau kwamba walimng'oa nyati na kumweka Mhindi. Mwigaji hukubali kitu kizima.

Mtu atasema, basi, kwamba nimeitenga ofisi na mtaa kupita kiasi, kwa sababu dola nayo iliwahi kuyeyusha majina. Ni kweli, na mfano uko jirani. Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ulizaa kwanza Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, majina mawili kamili yaliyoshikwa na "na", ambayo ni kistari kinachotamkwa. Tanzania ilitangazwa mwezi Oktoba mwaka huohuo. Lakini tazama jinsi ilivyokatwa: herufi tatu za mwanzo za huku na herufi tatu za mwanzo za kule, kwa usawa wa mirathi, kisha mkia wa kuipendezesha. Ni jina lililopimwa kwa mizani. Indubil haikupimwa. Hindu aliingia mzima, nyati akatupwa, Bill akabaki kwa sababu alikuwa amekwisha kuwa jina la kawaida la kijana yeyote. Sheng ya Nairobi, inayoelezwa kuwa ni Kiswahili na English zilizobanwa, iko karibu zaidi na Indubil kwa tabia, maana nayo haikuomba idhini ya pande zote mbili.

Majina ya simo huchoka upesi kuliko simo zenyewe. Kinshasa, Bill alizeeka, na vijana waliokuja baadaye wakajiita Yanke, usemi wao ukaitwa Lingala ya Bayankee. Yankee nalo, kwa mojawapo ya maelezo yanayopewa uzito, ni majina mawili ya Kiholanzi yaliyogandana kinywani mwa majirani wa New York ya kale: Jan na Kees. Ikiwa ni hivyo, Kinshasa ilimwondoa mtu wa majina mawili ikamweka mwingine wa namna hiyohiyo. Goma, kwenye barabara ileile inayopanda hadi Butembo, vijana wametengeneza Yabacrâne. Humo hamna majina mawili tena. Kuna ya, kisha ba, kisha neno la Kifaransa lenye maana ya fuvu, analoitwa mtu shupavu. Irabu u ya Kindubile ilituonyesha kwamba jina lilitoka magharibi. Hapa ushahidi wa aina hiyo haupatikani, kwa kuwa ya ni ya Kiswahili na ni ya Lingala, na ba ni ya Lingala na ni ya Kiswahili cha Kongo pia. Mtu anayelisikia jina hilo Beni, pale barabara zinapokutana, anaweza kulielewa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili.